Marudio ya Tanzia

Mimi naitwa Consolata, kazi yangu ni mapokezi. Huu mwaka wa kumi na moja nakaa mlangoni pa Redio Mkoko, hapa Tanga mjini, na kama kuna mtu anayejua ujinga unaingiaje ndani ya jengo hili, ni mimi. Unaingia umevaa tai. Unanisalimia kwa kunyanyua nyusi, unaulizia ufunguo wa ofisi, na wiki ya pili unaitisha kikao.

Nataka niseme habari za Mwatumu Sabiri, msomaji wetu wa tanzia. Wakubwa wameshamwandika kwenye jarida lao, nusu ukurasa, picha ndogo, wakamwita "rasilimali muhimu ya taasisi." Rasilimali! Mtu mzima na akili zake, anaitwa kama kisima. Basi wao wana jarida lao, na mimi nina mdomo wangu.

Da Mwatumu alizaliwa Moa, kule karibu na mpaka. Mama yao alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na baba alikwenda Mombasa kutafuta maisha akasahau kurudi. Aliyemlea ni kaka yake, Uweso, aliyekuwa anafanya kazi kwenye majaruba, yale mashamba ya chumvi huko ndani ya mikoko. Chumvi hiyo ndiyo iliyomlisha na kumsomesha mpaka darasa la saba. Akaja Tanga kuolewa, ndoa ikamshinda, akaingia redioni kama mfagiaji. Siku moja msomaji wa tanzia hakutokea, na mkuu wa wakati huo akamkuta na ufagio wake ukumbini. Akamuuliza, "We mama, kusoma unajua?" Akasoma. Hakushika tena ufagio kwa miaka ishirini na mitatu.

Msidhani kusoma tanzia huku kwetu ni kubabaisha. Mtu akifa alfajiri, alasiri yuko kaburini. Ndugu yake mmoja yuko Pangani, ng'ambo ya mto, lazima awahi kivuko. Mwingine yuko Muheza na machungwa yake, mwingine yuko shambani hana hata simu. Da Mwatumu alizipanga tanzia zake kwa urefu wa njia. Zenye ndugu wa mbali zilitangulia ili wapate kunyanyuka, na za mjini zilikuja mwisho, maana mtu wa Chumbageni anaweza kufika msibani Chuda huku anatafuna. Na hakusoma jina tupu. Alipiga simu kwa wafiwa akauliza, marehemu mtaani mlikuwa mnamwitaje? Ndipo unasikia, "Bi Zuleha Omari, maarufu Mama Vitumbua," na mji mzima unashika kichwa, kwa sababu Zuleha Omari hakuna aliyemjua, ila vitumbua vyake tumekula wote.

Sokoni walimtania na kumwogopa kwa pamoja. Muuza nyanya alikuwa akimpigia kelele, "Da Mwatumu, leo hukuja na tangazo langu?" Naye anamjibu, "Lako nimelifungia kabatini. Wewe endelea kunipunja, nitalitoa." Nilicheka naye sana yule mama. Nilimpenda, nisizunguke maneno.

Sasa akaja Abdulghani, mkurugenzi mpya. Mtoto wa hapa hapa Ngamiani, chuoni kasomeshwa Kurani na watu tunaowajua, halafu akaenda Dar es Salaam, akarudi na saa kubwa mkononi na cheti cha uongozi wa mabadiliko. Mwezi wake wa kwanza tu likatokea la kutokea. Kuna mfanyabiashara wa machungwa wa Muheza, mshindani wake alileta tanzia ya uongo kwamba kafa, na simu ya wafiwa akaandika yake mwenyewe, ikasomwa. Yule bwana akaja mwenyewe hapa kwangu, mzima wa afya, anatokwa povu. Ilitosha kumwomba radhi na siku nyingine kupiga simu moja zaidi ya kuhakikisha. Lakini Abdulghani hakupewa cheti ili apige simu. Akaunda kamati.

Kamati ya Maudhui ya Huzuni. Naapa ndilo jina lake, lipo mpaka kwenye kibao cha mlangoni. Inakaa Jumanne, saa tatu asubuhi, watu watano na chupa mbili za chai. Ikatoa fomu yenye sehemu nne. Sehemu ya kwanza anajaza mleta habari, ya pili unagongwa muhuri wa serikali ya mtaa, ya tatu anasaini msomaji wa tanzia kuthibitisha kwamba amelipokea tangazo, amelielewa na yuko tayari kulisoma, na ya nne inaidhinisha kamati. Kisha tanzia zikapangwa kwa alfabeti. Yaani Abeid wa jirani hapa anatangulia, na Zuwena, ambaye wanawe wako ng'ambo ya Pangani, anangoja mpaka kivuko kimeondoka.

Da Mwatumu aliishika ile fomu siku ya kwanza, akaisoma yote, mbele na nyuma. "Konso," akaniambia, "hawa wenzetu hawajapata kufiwa."

Akaendelea kusoma hivyo hivyo, kwa ujanja. Waliokufa Jumatano akawa anawaingiza kwenye salamu za wasikilizaji, "na salamu za pole ziwafikie akina fulani, wanaozika leo saa kumi." Walimpa onyo la maandishi mara mbili. Alizichana barua zote mbili akafungia kashata.

Akafa yeye. Ijumaa, alfajiri, presha, nyumbani kwake Makorora. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeshafika, nikamkuta Bi Mboni, jirani yake, ndiye aliyeshika mambo yote. Mazishi yakapangwa saa kumi alasiri. Watu walikuwepo, sanda ipo, kila kitu kipo. Kilichokosekana ni Uweso. Ndiye ndugu pekee, ndiye baba, ndiye mama. Simu yake haipatikani, kule kwenye majaruba mtandao hakuna, na kutoka barabarani ni mwendo wa saa nzima kwa miguu ndani ya tope. Bi Mboni alikuwa ameshamwita kijana wa bodaboda, mwenyeji wa Moa, anayeijua njia, amekwishawasha pikipiki.

Nami nikafungua mdomo wangu huu. "Bi Mboni, usimsumbue kijana. Kaka mtu ana redio, hakosi tanzia hata siku moja, Da Mwatumu mwenyewe alikuwa akiniambia. Saa sita na nusu itasomwa, na saa kumi atakuwa hapa."

"Una hakika?" akaniuliza.

"Mimi si ndiye wa redioni?"

Akamwambia kijana azime pikipiki. Haya ni maneno yangu, sikulazimishwa na mtu.

Saa mbili niko ofisini na fomu imejazwa, muhuri wa mtaa umegongwa, kila kitu safi. Nikampelekea Yudith, afisa utumishi. Nilipomwambia alilia, tena machozi ya kweli, sitamsingizia. Akajifuta, akaitazama fomu, akasema, "Sehemu ya tatu iko wazi."

"Dada Yudith, sehemu ya tatu ni ya msomaji wa tanzia."

"Ndiyo. Hajasaini."

"Msomaji wa tanzia ndiye marehemu."

Akaiangalia tena ile fomu, utadhani itabadilika. "Basi tuteue kaimu asaini," akasema. Nikashusha pumzi. Akavuta kibodi, akabofya, akabofya, akageuka. "Haikubali. Ili niteue kaimu, nafasi lazima iwe wazi. Na nafasi inakuwa wazi ofisi ikipata taarifa rasmi ya kifo."

"Taarifa si hiyo umeishika?"

"Hii haijawa rasmi mpaka kamati iidhinishe. Na kamati haiwezi kuidhinisha bila sahihi ya sehemu ya tatu." Akanitazama kwa huruma. "Konso mdogo wangu, kwenye mfumo Mwatumu bado yupo kazini."

Mtumee! Nikapanda kwa Abdulghani. Nilimkuta ameshavaa kanzu ya Ijumaa, kofia ya kiua, marashi yananukia. Nikamweleza. Akainamisha kichwa, akasoma dua, akapangusa uso. Nikasema afadhali, huyu ni Mwislamu, mtoto wa Ngamiani, anajua maiti hawekwi.

"Bosi," nikasema, "Kamati ni Jumanne. Anazikwa leo saa kumi. Kaka yake anangoja redio."

"Najua, Consolata. Nimeumia kuliko unavyofikiri." Akaishika saa yake. "Lakini tukivunja utaratibu kwa ajili ya mtu wetu wenyewe, wananchi watatuonaje? Wale tuliowarudisha watasemaje?"

"Watasema mmepata akili."

Hakulipenda hilo. Akaniambia nirudi mezani kwangu, kwamba suala limepokelewa na linafanyiwa kazi. Ukisikia suala lako linafanyiwa kazi hapa kwetu, jua limeshalala.

Ikafika saa sita na nusu. Msomaji hayupo, tanzia mpya hakuna, na kipindi kina mdhamini, hakiwezi kuachwa. Mkurugenzi akatoa maelekezo kwa simu akiwa njiani kwenda msikitini, kwamba urushwe mkanda wa wiki iliyopita. Marudio. Jamani, marudio ya tanzia! Watu waliozikwa Ijumaa ile wakatangazwa wanazikwa Ijumaa hii, kwa majina yao na saa zao. Kuna ukoo Muheza ulifika Tanga na gari zima la watu kumzika babu yao kwa mara ya pili. Na anayesoma ni nani? Da Mwatumu. Sauti yake ile ile, taratibu, yenye staha, "Asalaam alaykum wasikilizaji, hizi ndizo tanzia za mchana huu," naye muda huo yuko Makorora kwenye kitanda anaoshwa.

Mlango wa studio uko hatua kumi na mbili kutoka mezani kwangu. Nimezihesabu baadaye. Haukuwa umefungwa. Ndani alikuwa fundi mitambo, Tadeo, peke yake, ameshika tama, machozi yanamtoka, na ningeingia angenifungulia maikrofoni bila kuniuliza neno. Sentensi moja ilitosha. Uweso Sabiri, majaruba ya Moa, dada yako amefariki, njoo. Nina watoto watatu na mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Nilikaa kwenye kiti nikapokea simu za watu wa Muheza.

Saa kumi walimzika. Abdulghani alikwenda, tena mstari wa mbele, akabeba jeneza, akatia udongo kwa mikono yake. Saa kumi na moja na robo alirudi ofisini, vumbi la kaburi bado lipo kwenye viatu, nikamfuata ngazini. Nikasema, "Bosi, umemzika mwenyewe. Sasa si umethibitisha?"

"Nilikwenda kama mtu binafsi," akanijibu.

Mtu na akili zake timamu anasimama mbele yako anakwambia hivyo, macho makavu. Nilitamani kumtemea mate. Na kabla sijakaa akashuka Yudith na bahasha, imeandikwa Ndugu Mwatumu Sabiri, na ndani barua ya kujieleza kwa nini siku hiyo hakufika kazini. Mfumo umeitoa wenyewe, akasema, yeye kazi yake ni kuchapa tu. Nikaichana mbele yake. Akaenda kuchapa nyingine.

Jumamosi marudio. Jumapili marudio. Jumatatu marudio. Makorora redio zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya msiba, kwa hiyo walidhani tangazo lilitoka, wakasema labda kaka mtu ni mgonjwa, labda ana kinyongo na ndoa ile ya zamani. Mimi nilijiambia Bi Mboni atakuwa keshatuma yule kijana. Sikwenda kumuuliza. Niliogopa kumtazama usoni.

Jumanne kamati ikakaa. Saa tatu mpaka saa tano na nusu, chai na maandazi. Wakaiita hali ya kipekee, wakatoa idhini maalumu, nafasi ikawa wazi, na kaimu msomaji wa tanzia akateuliwa. Akateuliwa nani? Mimi. Kwa sababu nina sauti ya mapokezi. Nikaletewa karatasi, ndiyo ile ile niliyoijaza Ijumaa, sasa ina mihuri mitatu. Nikasaini sehemu ya tatu. Nikasoma nitakachosoma, nikapanda mbio.

"Bosi, hapa pameandikwa mazishi ni leo saa kumi alasiri. Hii leo ni ya Ijumaa. Nibadilishe niseme alizikwa."

"Kilichoidhinishwa ni hicho," akasema Abdulghani. "Ukibadilisha neno, ni tangazo jipya, na tangazo jipya lina fomu mpya."

Saa sita na nusu niliingia studio. Alikuja mwenyewe akasimama upande wa pili wa kioo, na nakala yake mkononi, anafuatisha kwa kidole. Nikasoma. "Bwana Uweso Sabiri wa Moa anaarifiwa kifo cha dada yake, Mwatumu Sabiri, kilichotokea alfajiri ya leo. Mazishi ni leo saa kumi alasiri, Makorora." Sikukosea hata neno. Abdulghani akanionyesha dole gumba.

Saa kumi kasorobo akaingia mzee hapa mapokezi, anahema, tope limemganda mpaka magotini, viatu kashika mkononi. Sikuwahi kumwona, lakini nilimjua. Pua ni ile ile. Mkono wa pili alikuwa na kifurushi cha gazeti, kimelowa jasho.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Wamekwisha kumwosha?" Akaniwekea kifurushi mezani. "Nimechukua marashi na ubani pale Moa. Nyumba ya Makorora siijui tangu alipohama, ndiyo nikasema nipite hapa kazini kwake mnielekeze. Saa kumi haijagonga, eti?"

Nikasimama. Nikasema, "Baba, Da Mwatumu kazikwa Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Iliyopita."

Akanitazama kama anayemsubiri mtu amalize mzaha wake. "Jana nimemsikia," akasema. "Juzi nimemsikia. Kasoma vizuri tu. Nikasema leo sauti yake imekaa vizuri, alikuwa na kikohozi mwezi jana."

"Ilikuwa marudio, baba."

"Marudio ya nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, Bi Mboni na pikipiki, fomu, Jumanne, wala sikujificha. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza akauliza, "Na ile sauti ya leo, ni yako?"

"Yangu."

"Na ulijua kazikwa?"

"Nilijua."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alikusanya kifurushi chake akasema, "Basi nionyesheni kaburi tu, nikamwombee dua, nirudi." Na katika jengo zima aliyelijua kaburi ni mtu mmoja, kwa kuwa ndiye pekee aliyekwenda kuzika, naye alikuwa ghorofani kwenye kikao cha tathmini ya kikao cha asubuhi.

Nilipanda, mzee nyuma yangu. Sikubisha hodi. Nikasukuma mlango, watu watano wakageuka na vikombe vyao. Nikasema, "Bosi, huyu ni kaka yake Mwatumu. Simama umpeleke kwenye kaburi la dada yake."

Abdulghani akamtazama yule mzee, kuanzia kofia mpaka tope, akayatazama na mabonge yaliyodondoka kwenye zulia lake. "Poleni sana, mzee wangu," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. Kisha akanigeukia mimi. "Consolata, mgeni amesaini kitabu cha wageni?"

Aliyejibu ni Uweso. Aliweka viatu vyake chini mlangoni, akafuta mkono kwenye shati, akaunyoosha kwangu.

"Kiko wapi, mwanangu? Nipe nisaini, anipeleke."

Nami nikashuka kukileta.